Lori linatetemeka kwenye sailensi: pima njia ya mafuta kabla ya kuifungua pampu

Lori la zamani likianza kutetemeka kwenye sailensi, yaani injini inapozunguka bila mguu kwenye mafuta, hukumu huwa ya haraka: pampu imekufa. Pampu hufunguliwa, hupelekwa mjini, hulipiwa, hurudishwa, na lori hutetemeka kama mwanzo. Kwa Fuso na Isuzu za zamani za huku kwetu Nyanda za Juu Kusini zinazobeba viazi kutoka Makete, mbao kutoka Mafinga na mchele kutoka Kyela, kosa hili linauma. Pampu ya dizeli ni kifaa cha gharama, na kila inapofunguliwa na mtu asiye na mashine ya kuipimia, ule ulingano wa mafuta kati ya silinda na silinda unaharibika hata kama ulikuwa mzima.

Yanayofuata yanahusu injini za dizeli zenye pampu ya kimekanika, hasa ile ndefu yenye plunja (fimbo ndogo ya kukandamiza mafuta) moja kwa kila silinda, kama ilivyo kwenye Fuso za injini ya 6D14 na 6D16. Hatua nyingi zinafaa pia kwa pampu fupi za mviringo zilizoko kwenye baadhi ya Canter na Hilux za zamani. Magari mapya yanayotumia reli moja ya presha kubwa yenye kompyuta ni habari nyingine, na baadhi ya vipimo vya hapa ni hatari kabisa kwao.

Presha mbili, si moja

Mafuta hutoka tangini kwa kuvutwa. Anayevuta ni pampu ndogo iliyofungwa ubavuni mwa pampu kubwa, ile yenye kitufe cha kupigia kwa mkono. Ndani yake kuna pistoni, springi na valvu mbili zinazozuia mafuta yasirudi yalikotoka. Pampu ndogo huyasukuma mafuta kwenye filta, nayo hupita hadi kwenye chumba cha pampu kubwa. Yanayozidi hutoka kwa valvu ya marejesho na kurudi tangini. Safari yote hii ni ya presha ndogo: kutoka pampu ndogo hadi chumba cha pampu kubwa ni kati ya bar 1 na bar 2.5 hivi, kutegemea aina ya pampu. Kabla ya pampu ndogo hakuna presha kabisa, kuna mvuto.

Baada ya hapo plunja huyachukua na kuyakandamiza mpaka nozeli, yaani ncha inayopuliza mafuta silindani, ifunguke. Kwa injini zinazopuliza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni, nozeli hufunguka kwenye bar 200 hivi. Kwa zile zenye chumba kidogo cha kuwashia, kama Hilux za zamani, ni chini ya hapo.

Plunja haiwezi kukandamiza mafuta ambayo hayajaifikia. Na kwenye sailensi kila silinda hupata tone dogo sana kwa kila mpigo. Povu la upepo likiingia ndani ya tone hilo, plunja inabana upepo badala ya mafuta, nozeli haifunguki vizuri, na silinda ile inamisi, yaani inakosa kuwaka. Injini ikikanyagwa, tone linakuwa kubwa, povu lilelile halionekani tena, na dereva anasema lori limepona.

Kwa hiyo upepo hujitokeza kwenye sailensi, na njaa ya mafuta hujitokeza mlimani. Lori linalotetemeka likiwa limesimama lakini linapanda mlima Kitonga bila shida lina upepo kidogo au silinda moja mbovu. Lori linalotulia vizuri likiwa limesimama lakini linaishiwa nguvu katikati ya mlima kana kwamba mtu amefunga koki lina kizuizi: filta, mpira, bomba au tangi. Likiwa na yote mawili, tafuta upande wa mvuto kwanza, kwa sababu mpira mmoja uliochoka unaweza kuleta ugonjwa wa aina zote mbili.

Mwinuko wetu unaongeza tatizo

Tunasema pampu inavuta, lakini inachofanya ni kupunguza presha mbele yake, na hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma mafuta kutoka tangini. Dar es Salaam hewa hiyo ina presha ya bar 1.01. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, ni kama bar 0.82. Njombe, karibu na mita 2,000, inashuka mpaka bar 0.8 hivi, na juu Kitulo, zaidi ya mita 2,600, ni chini ya bar 0.75. Msukumo umepungua kwa sehemu ya tano hadi ya nne, ilhali mpira, filta na tangi ni vilevile. Tena presha ikiwa ndogo, hewa iliyoyeyuka ndani ya dizeli hutoka kwa urahisi zaidi na kufanya mapovu, hata kama hakuna mahali panapovuja.

Ndiyo maana lori linaweza kupakia mchele Kyela, kwenye mita 500 hivi, likawa zima, likapita Tukuyu likiwa zima, kisha likaanza kukohoa milima ya Uporoto ambako barabara inapita zaidi ya mita 2,000. Dereva hulaumu mzigo. Likishuka Uyole linatulia, na suala linasahauliwa mpaka safari nyingine. Ugonjwa unaokuja na mwinuko na kuondoka na mteremko ni wa upande wa mvuto, mpaka kipimo kikatae.

Jambo la pili ni moshi. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) ikiwa Makambako au Mafinga inapata hewa pungufu huku pampu ikitoa mafuta yaleyale ya pwani. Itatoa moshi mweusi ikipanda na mzigo, na hilo peke yake si ushahidi wa nozeli mbovu. Moshi mweusi kwenye sailensi, injini ikiwa imeshapata moto, ndio wa kutiliwa shaka. Anza na filta ya hewa, halafu nozeli.

Sikiliza kabla ya kushika spana

Kuna kutetemeka na kuna kupanda na kushuka. Watu huyaita yote kwa jina moja, na hapo ndipo uchunguzi unapopotea. Kutetemeka kuna mdundo: tu-tu-tu, pengo, tu-tu-tu, pengo. Hiyo ni silinda moja au mbili zisizofanya kazi sawa. Kupanda na kushuka ni mizunguko inayoongezeka na kupungua yenyewe, kama injini inayotafuta mahali pa kukaa. Hapo shaka iwe juu ya upepo kwenye mafuta, reki ya pampu (fimbo inayopanga kiasi cha mafuta) inayokwama, au gavana, yaani kidhibiti cha mizunguko. Kwenye malori ya zamani sana yenye gavana ya kuvutwa na hewa, dayafram iliyopasuka huleta hali hiyohiyo.

Tenganisha pia injini na kabini. Weka mkono juu ya kifuniko cha tapeti, kisha kwenye fremu. Kama injini imetulia na kabini ndiyo inayotikisika, angalia mipira ya injini. Mpira uliokatika huwafanya watu wabadilishe nozeli zote sita bila sababu.

Angalia kasi yenyewe. Sailensi ya injini hizi huwa kati ya mizunguko 500 na 700 kwa dakika, na kiwango halisi kimeandikwa kwenye kitabu au kibati cha injini. Mtu akishaishusha mno kwa imani kwamba anabana matumizi ya dizeli, hata injini isiyo na ugonjwa itatetemeka. Ipandishe ifike kiwango chake ndipo uendelee.

Kisha uliza: ni asubuhi tu, au hata injini ikiwa ya moto? Tetemeko la asubuhi ya Julai kule Njombe, lenye moshi mweupe unaokera macho na kuisha baada ya dakika chache, hutokana na silinda baridi, mgandamizo (presha ya hewa inayobanwa silindani) uliopungua au nozeli inayodondosha. Tetemeko linalokuja injini ikishapata moto, pamoja na ugumu wa kuwaka baada ya kuzimwa kwa muda mfupi, hutokana mara nyingi na plunja zilizolika: dizeli ya moto ni nyepesi, inavuja pembeni mwa plunja na kubaki kidogo cha kupulizwa.

Kutafuta silinda isiyofanya kazi

Hiki ni kipimo cha zamani na bado ni bora. Injini ikiwa ya moto na iko kwenye sailensi, legeza nati ya bomba la nozeli ya kwanza, nusu mzunguko hadi mmoja, mpaka mafuta yatoke pale kwenye nati badala ya kwenda kwenye nozeli. Kama silinda ilikuwa inafanya kazi, sauti itabadilika na mizunguko itashuka. Kaza, nenda ya pili. Silinda ambayo ukiilegeza hakuna kinachobadilika ndiyo yenye shida. Kumbuka silinda hizi haziwaki kwa mpangilio wa namba. Kwenye injini hizi za silinda sita ni 1-5-3-6-2-4.

Vaa miwani na glavu, funika nati kwa kitambaa, na usiweke kidole mbele ya mafuta yanayotoka kwa kasi. Dizeli yenye presha ya nozeli hupenya ngozi bila maumivu makubwa ya mwanzo, na anayepenyewa anahitaji hospitali siku hiyohiyo, hata kama tundu ni dogo kama la sindano. Kwa injini ya reli moja ya kompyuta usifanye kipimo hiki kabisa. Presha yake hupita bar 1,300.

Ukishaipata silinda, usikimbilie dukani. Badilishana nozeli yake na ya jirani. Safisha eneo kwanza kwa brashi na dizeli ili mchanga usiingie shimoni, toa nozeli zote mbili, weka wosha mpya za shaba. Hakikisha wosha ya zamani haikubaki ndani ya shimo: zikiwa mbili, nozeli inakaa juu kuliko inavyotakiwa na mpulizo hauangukii mahali pake kwenye pistoni. Ugonjwa ukihamia silinda ya jirani, nozeli ndiyo mbovu, ipelekwe kupimwa kwenye mashine. Fundi wa nozeli akuonyeshe mambo matatu: inafunguka kwa presha gani, mpulizo wake ni ukungu au ni uzi, na ncha inabaki kavu au inadondosha. Nozeli zote sita zifunguke kwa presha inayokaribiana. Kubadilisha moja mpya na kuacha tano zilizochoka huleta tetemeko jipya.

Ugonjwa ukibaki palepale, angalia bomba. Mabomba ya nozeli yana urefu na tundu la ndani linalolingana kwa makusudi. Bomba lililotolewa kwenye lori lingine, lililochomelewa au kukunjwa sana, hubadilisha muda wa mafuta kufika kwa silinda hiyo moja. Baada ya bomba, pima tapeti, yaani nafasi ya kuchezea ya valvu. Kwa 6D16 nafasi ni mm 0.4 injini ikiwa baridi. Baada ya tapeti, ndipo upime mgandamizo.

Na kwenye mgandamizo tahadhari moja ambayo inaweza kuokoa injini nzima. Vitabu vimeandikwa kwa vipimo vya usawa wa bahari. Mbeya hewa inayoingia silindani ni pungufu kwa karibu asilimia 19, kwa hiyo injini ambayo ingeonyesha bar 26 pwani itaonyesha kama bar 21 hapa, nayo ni nzima. Ukisoma kitabu tu utaambiwa ringi zimekwisha. Linganisha silinda na silinda zaidi ya kulinganisha na kitabu: tano zikiwa na 21 na moja ikiwa na 15, hiyo moja ni mgonjwa. Betri iwe imejaa, maana stata inayozungusha kwa uvivu hushusha namba zote.

Kipimo cha dumu

Kama silinda zote zinajibu lakini kwa uvivu, au kila mara inamisi silinda tofauti, rudi nyuma kwenye mafuta. Tafuta dumu safi la lita 20, weka dizeli safi, chomoa mpira unaoingia pampu ndogo, na uunganishe mpira mfupi mpya kutoka dumuni. Piga pampu ya mkono, toa upepo, washa.

Injini ikitulia, ugonjwa uko kati ya tangi na pampu ndogo: tangi, bomba, mpira, kichujio cha maji. Isipotulia, uko kuanzia pampu ndogo kwenda mbele. Kwa saa moja umekata mfumo mzima vipande viwili bila kununua chochote isipokuwa kipande cha mpira. Hakuna kipimo kingine kinachotoa jibu kubwa kwa gharama ndogo namna hii, na ni jambo la kusikitisha kwamba hufanywa mwisho.

Dumu likae usawa wa pampu ndogo au chini yake. Wengi hulitundika juu kwenye kabini, na mafuta yanashuka yenyewe kwa uzito wake. Injini itatulia hata kama pampu ndogo imechoka, nawe utakuwa umejidanganya. Dumu lisiwe karibu na ekzosi.

Tumia mpira unaoonekana ndani pale kwenye mlango wa pampu ndogo. Mapovu machache wakati wa kuanza ni ya kawaida. Mapovu yanayoendelea baada ya dakika kadhaa ni upepo unaoingia nyuma ya pale. Fanya hivyo pia kwenye mpira wa marejesho, kwa kuwa povu lililoingizwa na pampu ndogo yenyewe, kwa mfano kwenye ringi ya mpira ya kitufe cha mkono, halitaonekana mlangoni bali huku kwenye marejesho.

Geji mbili

Dumu linasema upande gani. Geji inasema kitu gani. Unahitaji geji ya presha ya 0 hadi bar 6 na geji ya mvuto. Ya presha ifungwe mahali pa skrubu ya kutolea upepo, baada ya filta, karibu na pampu kubwa. Ya mvuto ifungwe kwa kiungo cha njia tatu kabla ya pampu ndogo. Kama geji yako ni ya PSI, bar 1 ni PSI 14.5. Soma kwenye sailensi, kisha kanyaga mpaka mizunguko ya juu bila mzigo na usome tena.

Presha ndogo na mvuto mkubwa, tuseme zaidi ya bar 0.3, ni kizuizi kabla ya pampu ndogo. Kuna kichujio kidogo cha waya ndani ya boliti ya mlango wa pampu ndogo, na wengi hawajui kama kipo. Huziba kwa kutu na nyuzi za vitambaa. Kifungue kwanza.

Presha ndogo na mvuto mdogo: pampu ndogo ni dhaifu, au inavuta upepo, au valvu ya marejesho imekwama wazi na mafuta yote yanarudi tangini. Kuzitofautisha, bana mpira wa marejesho kwa koleo lililofungwa kitambaa kwa sekunde chache. Presha ikiruka juu, pampu ndogo ina nguvu na valvu ya marejesho ndiyo mbovu. Hiyo ni boliti yenye springi na gololi ndani, na mara nyingi mtu aliwahi kuipoteza akaweka boliti ya kawaida yenye tundu. Kwa nje zinafanana. Chumba cha pampu kubwa hakijai tena, na lori halitulii mpaka boliti sahihi irudishwe.

Presha nzuri kabla ya filta na ndogo baada yake haihitaji maelezo. Badilisha filta, na usijaze filta mpya kwa kumimina dizeli kwenye tundu la katikati, kwani hilo ni upande wa mafuta yaliyokwisha kuchujwa na uchafu utaenda moja kwa moja kwenye plunja. Ijaze kwa pampu ya mkono.

Pampu ndogo yenyewe hujieleza mkononi. Ukipiga kitufe bila kuhisi ukinzani wowote, valvu zake zimeshika uchafu au springi imevunjika. Nyingi hupona kwa kufunguliwa na kusafishwa. Lakini angalia pia oili ya injini. Kama kiwango chake kinapanda na oili inanuka dizeli, mafuta yanavuja kupitia fimbo ya pampu ndogo au plunja za pampu kubwa na kuingia kwenye oili. Usiendeshe lori hilo. Oili iliyochanganyika na dizeli inakula beringi za krenki, na hasara yake haifanani na ya kutetemeka.

Upepo unakoingilia

Upande wa mvuto una tabia ya kudanganya: hauvujishi mafuta nje. Pana tundu, hewa inaingia ndani, na sehemu inabaki kavu. Injini ikizimwa ndipo unyevu unapojitokeza kidogo, au mafuta yanarudi tangini usiku na asubuhi lori linahitaji kupigwa pampu ya mkono. Lori linalohitaji pampu ya mkono kila asubuhi lina mwanya, hata kama mchana linafanya kazi.

Tafuta kwanza kwenye mipira. Mpira wa maji uliowekwa kwa haraka njiani hulainika ndani ukikaa na dizeli, ukavimba, na ngozi yake ya ndani ikabanduka. Ngozi hiyo hugeuka mlango: injini ikivuta kwa nguvu inajifunga, ikipoa inafunguka. Kwa nje mpira unaonekana mzima. Nunua mpira wa dizeli na uubane kwa klipu za skrubu. Waya wa kufungia hukata mpira na kuacha mwanya.

Wosha za shaba kwenye boliti zenye tundu hubanwa mara moja vizuri. Zikitumika tena na tena huwa ngumu na haziketi. Kama hakuna mpya, ichome mpaka iwe nyekundu, iache ipoe, isugue iwe safi, itakuwa laini tena. Utepe mweupe wa mafundi bomba na gundi ya silikoni visiguse mfumo wa dizeli: vipande vyake hukatika na kwenda kuziba kichujio kidogo au kukwamisha valvu.

Kisha kifuniko cha tangi. Kina tundu la kupumulia. Kikipotea, watu hufunga nailoni na mpira wa tairi, na kuanzia hapo tangi haliwezi kuingiza hewa badala ya mafuta yanayotoka. Lori linakwenda vizuri nusu saa, linakufa polepole, linapumzika, linawaka tena. Fungua kifuniko papo hapo linapokufa. Ukisikia hewa ikivutwa kwa mluzi, umemaliza kazi. Tope la barabara za msituni Sao Hill huziba tundu hilohilo hata kwenye kifuniko halisi.

Dizeli yenyewe

Usiku wa baridi, tangi lililo nusu linakusanya unyevu kwenye kuta zake za ndani, na maji yanazama chini ya dizeli ambako bomba la kuvutia linafika. Jaza tangi jioni, si asubuhi. Fungua skrubu ya chini ya kichujio cha maji kila wiki, na wakati wa baridi mara nyingi zaidi, uachie mpaka itoke dizeli tupu.

Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni nyepesi na hailainishi. Plunja za pampu zinalainishwa na dizeli yenyewe, hazina kingine, kwa hiyo uchakachuaji unazila taratibu. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kemikali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa ajili ya kuwakamata wachakachuaji, lakini dizeli inayouzwa kwa madumu kando ya barabara haipimwi na mtu. Ikibidi kuitumia, iache itulie usiku kucha, mimina kwa kitambaa safi, na acha sentimita mbili za mwisho ndani ya dumu.

Pampu kubwa ikishathibitika

Baada ya yote hayo, pampu kubwa inaweza kweli kuwa mbovu. Kuna kipimo kimoja cha kufanya ikiwa bado kwenye injini. Weka mkono wa kuzimia kwenye kuzima, fungua bomba zote za nozeli upande wa pampu, futa vichwa vikauke, kisha piga pampu ya mkono kwa nguvu. Presha hiyo ndogo haitoshi kufungua valvu za kutolea zilizo juu ya plunja. Kichwa kitakachotoa mafuta kina valvu inayovuja, na silinda yake ndiyo uliyoikuta ikimisi. Kama namba zinalingana, una ushahidi.

Kwa injini zenye pampu fupi za mviringo zinazogoma kuwaka zikiwa na moto, funika pampu kwa kitambaa kilicholowa maji na usubiri ipoe. Ikiwaka, sehemu za ndani zimelika. Usimwagie maji baridi pampu ya moto, maana chuma chake cha nje kinaweza kusinyaa na kubana kilicho ndani.

Kabla ya kuitoa, weka alama ya tindo kwenye pampu na kwenye injini ili taimingi, yaani wakati wa kupuliza mafuta, irudi ilipokuwa. Usiguse skrubu zenye lakiri. Hazirekebishi tetemeko, zinaongeza moshi na joto la pistoni. Fundi wa mashine ya pampu mpe maandishi ya ulichopima: presha kwenye sailensi, silinda ipi inamisi, hali ikiwa baridi na ikiwa na moto. Mwombe akupe karatasi ya kiasi kilichotolewa na kila plunja kwenye sailensi na kwenye kasi ya juu, kabla na baada ya kazi.

Wakati pampu iko huko, shusha tangi, lioshe, toa kutu yote, piga upepo kwenye bomba lote mpaka mbele, weka filta mpya na mipira mipya. Pampu ikirudi, toa upepo kwa mpangilio: kwanza skrubu ya filta, halafu ya pampu kubwa, mwisho nati za nozeli huku stata ikizungusha kwa sekunde 15 na kupumzika dakika moja au zaidi. Usipulizie etha kwenye filta ya hewa. Acha geji ya presha mahali pake, funga mpira wake nje ya kabini karibu na kioo cha pembeni, usiingie ndani na dizeli, kisha upande mlima na mzigo huku utingo akiisoma. Presha ikishuka mlimani zaidi ya ilivyoshuka ukiwa umesimama na kukanyaga, bado kuna kitu kinabana huko nyuma. Simamisha lori na ukitafute kabla plunja mpya hazijaanza kukauka.